Miji Aliyoipita Uledi

Jumamosi, 22 Februari

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya mapazia ya wateja. Kuanzia leo naligeuza, maana mteja wangu mkubwa sasa ni mume wangu. Coaster imefika, basi dogo tulilonunua. Imeegeshwa mbele ya nyumba yetu hapa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na tangu asubuhi watu wananiuliza kama tunafungua mgahawa. Mmoja ameagiza chipsi kabisa.

Uledi ameendesha mabasi ya Mbeya miaka thelathini na mbili. Mtajie Ruaha Mbuyuni, atakwambia kona iko wapi na mti gani ulianguka mwaka gani. Lakini hajawahi kulala Ruaha Mbuyuni, wala kunywa chai Ilula akiwa amekaa kitako. Abiria walishuka kuchimba dawa vichakani dakika kumi, honi, wakapanda, twende. Sasa amestaafu. Anataka tuizunguke ile miji midogo yote, mji mmoja siku mbili, ukitupendeza siku nne. Tulale ndani ya gari letu, tuamke, tununue vitunguu, tukae tuangalie watu.

"Nataka kuiona, Mama Nasreen," anasema. "Mimi niliipita tu."

Haraka iko machoni. Mwezi wa kwanza daktari alimwambia ana presha ya macho. La kushoto limeshaliwa sana, la kulia limeanza, na kilichokwenda hakirudi. Amepewa matone: asubuhi, mchana, jioni, asikose. Akitia sawasawa, kilichobaki kitakaa. Kwa hiyo safari ni mwaka huu, masika yakiisha. Hakuna cha mwakani.

Gaudens, fundi wa gereji ya Gerezani, ndiye atakayeng'oa viti na kuweka kitanda, jiko la gesi na sinki. Mimi mapazia. Madirisha kumi na manne, na hakuna mawili yanayolingana.

Jumapili, 2 Machi

Chungu cha kwanza, siku ya kwanza ya kufunga Ramadhani. Miaka yote ya basi Uledi hakuwahi kufunga mwezi mzima. Msafiri ana ruhusa, naye alikuwa msafiri Januari mpaka Desemba. Alisema atalipa akistaafu. Mimi nimemwekea sharti: mwezi huu aufunge wote, asiache hata siku moja, ndipo tuondoke. Siwezi kwenda kustarehe na mtu ambaye Mungu anamdai Ramadhani thelathini na mbili.

Saa mbili asubuhi nimemkuta ameinua uso, chupa ya dawa mkononi.

"Unafanya nini?"

"Natia dawa."

"Na funga?"

"Hii si chakula, Mama Nasreen."

"Si ulisema uchungu wake unausikia kooni? Kinachofika kooni kimeingia. Ukitia umefungua."

"Daktari kasema nisikose."

"Daktari kasomea macho, hakusomea funga. Utatia tukifuturu."

Amecheka, akafunga kizibo. Na mimi nimecheka. Nilijiona nina jibu zuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Mtaro umefurika, maboga mawili yamepita mbele ya mlango yakielekea Msimbazi. Mapazia matano tayari.

Jumatano, 12 Machi

Uledi amegongwa na mkokoteni wa viroba vya mchele pale Mtaa wa Sikukuu. Goti limechubuka. Anasema vijana wa mikokoteni siku hizi hawana adabu. Nikamwambia mkokoteni ulikuwa na rangi nyekundu, mkubwa kama chumba, na kijana alikuwa anapiga mluzi, sasa alitaka atangaziwe redioni? Dereva wa basi kugongwa na mkokoteni! Nimewasimulia wateja, tumecheka mpaka mashine ikasimama.

Jumatatu, 17 Machi

Chungu cha kumi na sita. Uledi amerudi kutoka darasa la alasiri msikitini akiwa kimya. Kala tende mbili na uji nusu bakuli. Nimepeleka sahani za futari kwa majirani, na kila mlango nimesema hilohilo: mzee wangu mwaka huu hajaacha hata moja. Mama wa ghorofani akasema mashaallah, basi wewe mwanamke una kazi. Nikasema kazi ninayo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeiona chupa ya dawa kabatini. Bado nzito. Tukifuturu kuna Magharibi, halafu chakula, halafu tarawehe, halafu mzee anasinzia na kanzu mwilini. Hata lile tone la jioni linasahaulika. Nikamwambia, Iddi si mbali, utatia zote. Akasema sawa.

Jumatatu, 31 Machi

Iddi. Siku thelathini na mbili za... hapana, naandika vibaya kwa furaha. Siku ishirini na tisa, zote kamili. Sijapata kumwona Uledi katika kanzu nyeupe akiwa na uso ule. Binti yetu Nasreen amekuja kutoka Magomeni na biriani. Tumepanda wote ndani ya Coaster, imeegeshwa palepale, tukafunga mapazia kumi na manne, tukanywa chai kama tuko Makambako. Uledi ndiye aliyemimina. Kikombe cha Nasreen kilikuwa hapa, chai ikamwagika pale, pembeni kabisa. Nasreen akanitazama. Nikasema baba yako ana furaha, mikono inamtetemeka.

Jumatano, 2 Aprili

Anasema atafunga na zile siku sita za sunna za Mfungo Mosi, mwezi huu unaofuata Ramadhani. Hilo sikumwambia mimi, la kwake mwenyewe. Nimemshukuru Mungu. Dawa tumesema atatia zikiisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Gaudens amemaliza sinki.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Niandike yote kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kujitetea.

Juzi Jumatatu ilikuwa ya sita, ya mwisho. Baada ya adhuhuri Uledi alisema kichwa kinamuuma upande wa kulia. Nikasema njaa. Alasiri akasema taa ya dukani kwangu ina duara la rangi, kama upinde. Nikasema njaa, na umri. Alipofuturu akatapika tende na maji. Jicho la kulia lilikuwa jekundu. Nikampaka dawa ya kuchua kwenye paji la uso, nikamtengenezea chai ya tangawizi, nikamfunga kitambaa kichwani.

Jana kutwa mvua haikupumzika. Nasreen alipiga simu akasema Jangwani kumefungwa, maji yamepita juu ya barabara, hawezi kuvuka. Nikamwambia usihangaike, baba yako amechoka tu, kamaliza sita. Kutwa nzima Uledi alilala ameuelekea ukuta. Mara moja alisema, "Mama Nasreen, twende hospitali." Nikasema mvua ikipungua.

Hospitali iko upande wetu. Haihitaji kuvuka Jangwani. Teksi ingetufikisha kwa robo saa. Naliandika hili ili kesho nisije nikaisingizia mvua.

Leo asubuhi ameamka, ameketi kitandani, akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Saa mbili, jua limetoka baada ya siku tatu, linampiga usoni.

Nikapiga kelele. Gaudens alikuwa nje anafunga boliti za kitanda cha gari, akaingia mbio, akambeba mzee mgongoni mpaka kwenye Coaster. Ndiyo safari ya kwanza ya gari lile. Uledi alilala kwenye kitanda kipya ambacho bado kina nailoni, mimi nimepiga magoti sakafuni, na kila Gaudens alipokata kona Uledi alisema, "Hapa Msimbazi. Hapa Lumumba." Alikuwa anajua bila kuona. Nilitamani akosee hata kona moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Presha imeshushwa kwa dawa za kupitia mshipani. Maumivu yameisha. Daktari ni mama wa makamo, amezungumza taratibu, hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Kasema jicho la kushoto halina kitu. La kulia litajua dirisha liko wapi, basi. Akauliza dawa iliachwa lini.

"Ramadhani," nikasema.

Akaandika. Akasema kila mwaka baada ya Iddi anapokea wawili watatu wa namna hii. Akaendelea na mgonjwa mwingine.

Wawili watatu. Sisi ndio hao wa mwaka huu.

Jumapili, 13 Aprili

Tumerudi nyumbani. Nasreen amevuka mapema, akamkuta baba yake kwenye kiti cha barazani akipapasa kikombe. Alilia kwanza, kisha hasira ikampanda.

"Baba, nani alikwambia uache dawa?"

"Hakuna."

"Mtu haamki tu akaacha dawa. Nani kakwambia?"

"Mimi mtu mzima, Nasreen. Nina akili zangu. Niliacha mwenyewe."

"Kwa nini lakini?"

"Nilisahau, mama. Uzee."

Nilikuwa nimesimama kati yao na jagi la maji. Nilikuwa na nafasi ya kusema, palepale, watu watatu tu, nyumbani kwangu. Nikasema, "Kunywa maji, mwanangu."

Nasreen akanywa. Akamlaumu baba yake mpaka mchana, kuwa wanaume wote wako hivyo, hawajali miili yao, wanasubiri wake zao wawafuatilie. Akanishika mkono akasema, "Pole, mama. Utapata kazi sana." Mimi nimepokea ile pole. Nimeila na wali.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Nimemwongoza chooni. Amenishukuru kila mara, asante, asante, mpaka nimetaka kumziba mdomo.

Ijumaa, 18 Aprili

Baada ya swala ya Ijumaa Maalim Mbaruku, anayetoa darasa msikitini kwetu, amekuja kumjulia hali. Uledi alikuwa amelala, kwa hiyo mimi ndiye niliyeketi naye barazani. Nikaona hapa ndipo pa kujisafisha au pa kuzama. Nikamuuliza: Maalim, mtu akitia dawa ya matone machoni mchana wa Ramadhani, amefungua?

Hakufikiri hata kidogo. "Hapana. Jicho si njia ya chakula. Hata akihisi ladha kooni, wengi katika wanazuoni wetu wanasema funga yake ni salama. Na mgonjwa ambaye hata kufunga kwenyewe kunamdhuru, ana ruhusa ya kula kabisa."

Nikasema watu hawajui hayo.

"Wanajua, Bi Maimuna. Nililieleza darasani, chungu cha kumi na sita, nilitaja macho, masikio, sindano, vyote. Msikiti ulijaa."

Akamaliza kahawa, akaomba dua, akaondoka na mwavuli wake.

Kumbe kuuliza kulikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu. Mimi ninayempimia mtu dirisha mara tatu kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa, hili sikulipima hata mara moja.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimerudi nyuma kurasa nikasoma niliyoandika tarehe kumi na saba Machi. Chungu cha kumi na sita. Uledi alikuwa darasani.

Sikumuuliza. Nimefunga daftari nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Mteja wa Ilala amekataa mapazia, urefu umekosewa. Sijawahi kukosea urefu.

Jumanne, 29 Aprili

Gaudens ameniita pembeni. "Mama, shikamoo. Samahani. Hii gari tunaifanyaje? Kuna jamaa anaitaka, ang'oe kitanda arudishe viti." Nikasema nitakujibu. Uledi akasema kutoka barazani, kwa sauti ya mtu anayetangaza muda wa kuondoka, "Haiuzwi."

Amekuwa na masikio ya ajabu. Siku hizi nafikiri kimyakimya, naogopa hata mawazo yangu yatasikika.

Jumapili, 4 Mei

Zamani nilikuwa najua Uledi ni mtu wa aina gani. Mpole, msahaulifu, dini yake ya kukimbizwa. Nilimhurumia kidogo na kumdharau kidogo, na nilidhani huko ndiko kupenda kwa watu walioishi pamoja siku nyingi. Sasa namtazama anavyokaa, mikono magotini, uso umeelekea mwanga wa mlango, na sijui kuna nini ndani ya kichwa kile. Nina haki ya kumtazama muda nitakao, haoni. Nikimtazama sana nageuza uso mimi.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua. "Barabara zimekauka," amesema leo wakati wa chai. "Twende."

"Twende wapi, Baba Nasreen?"

"Tulikosema. Gaudens aendeshe. Wewe utaniambia ukionacho."

Nasreen amesema kwa simu kuwa tumechanganyikiwa. Nikamwambia ni kweli.

Jumanne, 20 Mei

Tumelala Mlandizi. Gaudens amejipatia chumba gesti, sisi ndani ya gari. Kitanda ni kizuri, mapazia yanaziba vizuri, maji yanatoka bombani. Kila kitu tulichokipanga kipo.

"Umeona nini?" akaniuliza tuliposimama. Nikamwambia maduka ya bati, mabomba ya plastiki yamesimamishwa kama mianzi, mwanamke anauza nanasi amevaa koti la mwanamume. Alitabasamu. Nilidhani labda itawezekana.

Jumatano, 21 Mei

Chalinze. "Umeona nini?" Nikamwambia malori, nyama choma, watoto wa shule. "Na nini?" Nikamwambia jengo jipya. "La nini?" Sijui. "Rangi gani?" Nikageuka kulitazama upya, nikaona madirisha yake tu, na kwamba yamewekewa vitambaa vifupi. Mimi kazi yangu imekuwa dirisha. Kinachoonekana nje yake sijawahi kuulizwa.

Alikaa na chai yake kiti cha mbele. Baada ya muda akasema, "Muziki, bodaboda, watu wananadi korosho. Chalinze na Kariakoo ni mamoja." Chai ikapoa bila kunywewa.

Alhamisi, 22 Mei

Mikese. Hatujafika hata Morogoro.

Tulifika saa tatu asubuhi. Mvua ndogo ya kuchelewa. Gaudens akaenda kutafuta supu. Nilikuwa nakaanga mayai, mgongo nimempa Uledi, na maneno yakatoka yenyewe, labda kwa sababu sikuwa nautazama uso wake.

"Chungu cha kumi na sita ulikuwepo darasani?"

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia Maalim?"

"Nilimsikia."

"Juu ya matone?"

"Juu ya matone."

Nikazima jiko. "Mbona hukutia, Uledi? Chupa ilikuwa kabatini. Mbona hata hukuniambia?"

Aliweka mikono magotini. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo sitalisahau.

"Ulikuwa unapeleka futari kwa majirani na sifa zangu. Niliwasikia wakikujibu. Ningekwambia, ungesema Maalim kakosea. Au ungekubali, lakini ukanitazama ukisema moyoni, yuleyule, ameshapata sababu. Miaka thelathini na mbili nikirudi safari Ramadhani, naingia mlangoni, unaniangalia mdomo kama nimekula. Nilikuwa nimekula. Nilikuwa na ruhusa na nimekula, na bado nilikuwa nafuta mdomo pale kona ya Mchikichi kabla ya kuingia. Nikataka mwezi mmoja, Maimuna. Mmoja tu ambao hutautia walakini."

Hajaniita Maimuna tangu Nasreen azaliwe.

Nilikuwa nimebeba sentensi moja ya asubuhi moja: ukitia umefungua. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikadhani ipo siku nitaitubia iishe. Kumbe ile sentensi ilikuwa ya mwisho tu. Zilizotangulia nilizisema kwa macho, mwaka hadi mwaka, mlangoni pangu, na yeye alizisoma zote.

Nikashuka. Nimetembea Mikese yote, haichukui muda. Nimepita mbele ya maduka, mbele ya wanawake wa ndizi, mbele ya msikiti mdogo wa bati. Watu wamenisalimia, nimewaitikia. Nimefika nyumba ya mwisho nikageuka nikarudi, gauni limelowa mpaka magotini.

Alikuwa amekaa vilevile. Mayai yameganda kwenye kikaango. Akasikia mlango.

"Umeona nini?"

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta, hata kitu kimoja cha kumpa.

"Sijaona kitu," nikasema.

"Basi mwambie Gaudens ageuze."

Nimemwambia.